Nimeyakata Mapanga ya Feni ya Ndiritu

Kiganjo, Nyeri
Jumamosi asubuhi

Baba yangu Katana,

Shikamoo. Mpe na Mama shikamoo yake sasa hivi kabla hujasonga mbele, maana nakujua, ukishaanza kusoma husikii hata ukiitwa kula. Nataka kujua hali ya goti lako. Kaka Charo aliniandikia kwamba ulianguka kwenye ngazi ukifunga feni kule nyumba ya wageni, na kwamba siku ya tatu ulikuwa umeshaipanda tena. Sikushangaa, ila nilikasirika. Mama anakukanda, au umemkatalia? Mwambie Charo aniandikie ukweli wenyewe, si ule ukweli wako wa kusema kila kitu ni sawa.

Sisi huku tuna uzima na tuna baridi. Nimezoea sweta mbili. Biashara yangu ya mchele inakwenda polepole. Kila wiki ya pili nashuka Wang'uru, nanunua, napanda nao mpaka hapa, na kina mama wameanza kunijua kwa jina. Kitu ambacho hawakijui kabisa ni pangaboi la darini. Mama mkwe nilipomweleza kazi yako alifikiri sana, kisha akaniuliza kama watu wa Malindi wamekatazwa kufungua madirisha. Nilicheka mpaka nikaona aibu, maana alikuwa anauliza kweli.

Baba, leo sikuandikii kwa ajili ya habari tu. Kuna jambo nimelifanya, na kichwa changu kimevurugika tangu siku ile. Limetokana na ufundi wako, kwa hivyo nawe una sehemu yako ya lawama, usikae hapo ukajidhani mgeni. Nitalieleza tangu mwanzo, ingawa mimi mwenyewe bado silielewi lote.

Unakumbuka Ndiritu alivyokuja kwako mara ya kwanza, akiwa mwalimu wa fizikia hapo Malindi, na pangaboi lake linalotingishika. Alikaa kwenye benchi akitazama kazi mpaka mwisho, nawe ukasema mwanamume wa namna ile atakuwa mume mzuri au mume msumbufu. Amekuwa vyote viwili. Tangu mwaka jana anatengeneza ndege. Ni ndege ya jeti, urefu wake kama ule ubao wako wa kufanyia kazi, mabawa ya mbao nyepesi, na tumboni mwake mna bomba la karatasi iliyokaushwa kwa gundi. Ndani ya bomba kuna feni ndogo kuliko kisahani cha chai, inayozungushwa na mota ya umeme. Inavuta hewa kutoka mbele, inaisukuma nyuma, na ndege inakwenda. Nje huoni kitu kinachozunguka, kwa hivyo kila anayeiona anauliza inasukumwa na nini.

Mota, betri na kidude cha kuiongoza kwa redio alitumiwa na rafiki aliyesoma naye, ambaye sasa yuko Ujerumani. Feni aliitengeneza mwenyewe. Ina mapanga matano, na yote aliyachonga kutoka kwenye kasha la betri ya gari iliyokufa, ile plastiki nyeusi ngumu. Kila panga alilipinda juu ya mvuke wa sufuria yangu ya wali, akapima, akakataa, akachonga lingine. Mapanga aliyoyatupa yangetosha feni nne. Mahesabu yake yote yamo katika daftari moja lenye jalada la bluu, kwa Kiingereza na alama ambazo mimi sizijui. Mwezi ujao kuna maonyesho ya sayansi mjini Nyeri, walimu kutoka mkoa mzima, na anayefanya vizuri anaweza kuitwa chuoni akawafundishe walimu wengine. Hilo ndilo amelitaka tangu nimjue. Hakuwahi kulisema kwa sauti kubwa, lakini nalala naye, najua.

Sasa, shida yake ilikuwa moja. Mota ilikuwa inapata moto. Akiiwasha kidogo tu, harufu inatoka, na betri inaisha upesi. Nilimsikia akilalamika nikiwa jikoni, nikacheka moyoni. Hilo nimelijua tangu nina miaka saba, nikikushikia bisibisi chini ya ngazi. Mota ikilemewa, punguza mapanga. Umeniambia mara ngapi? Umenionyesha mara ngapi, ukikata ncha za mapanga kwa mkasi wa bati, pangaboi lililokuwa linaguna likaanza kuzunguka kama jipya?

Jumanne moja akiwa shuleni niliishusha ndege mezani. Niliitoa ile feni, nikachukua tupa ndogo uliyonipa nilipoolewa, nikazipunguza ncha zote tano, kila moja kiasi cha upana wa ukucha wa kidole cha mwisho. Sikulipua kazi, Baba. Nililipima kila panga, nikaining'iniza feni kwa uzi kama ulivyonifundisha mpaka ikatulia bila kuegemea upande. Nikaipiga msasa. Nikairudisha, nikawasha. Sauti ikapanda, nyembamba na safi, bila kunguruma. Nikagusa mota baada ya muda, nikaikuta vuguvugu tu. Nilicheza peke yangu hapo jikoni na unga wa plastiki mkononi.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia. Nilitaka ashangae kwanza. Nilitaka iruke, yeye aseme leo mota haikupata moto, halafu mimi niseme hapo mlikuwa mnangoja binti wa Katana. Ilikuwa majivuno, sikatai. Alipoijaribu Ijumaa kwa haraka, bila kuifungua, aliona imepoa, akasema ni kwa sababu ya baridi ya asubuhi. Nikauma ulimi nikingoja siku yangu.

Jumamosi ile, wiki mbili zilizopita, tulikwenda kuirusha kwenye malisho ya mama yake, nyuma ya shamba la viazi. Alikuwepo mama mkwe, shangazi yake anayeitwa Tata Wangari, majirani, na mwalimu mkuu aliyekuja kwa miguu na mwavuli. Ndiritu alifunga mipira ya ndani ya baiskeli kwenye kigingi, akaivuta, akaiachia ndege kama manati. Ilitoka vizuri. Feni ilikuwa inaimba juu kabisa, sijawahi kusikia feni ikiimba vile, na mimi nikashika mikono yangu pamoja. Kisha nguvu ya mpira ilipokwisha, ndege ikawa kama imesahau inakwenda wapi. Ikapunguza mwendo, ikashuka taratibu, huku feni bado inaimba kwa furaha yote, ikaingia kwenye viazi.

Haikuvunjika sana. Akairudia mara ya pili, na mara ya tatu, na kila mara ilikuwa vilevile. Mwalimu mkuu alisema pole akaenda zake.

Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuvurugika, Baba. Mota ilikuwa baridi. Mzunguko ulikuwa wa kasi kuliko zamani, nimeusikia kwa masikio yangu, na masikio yangu wewe ndiye uliyeyafundisha. Kila kitu kilichokuwa cha kusikia na cha kugusa kilisema feni imepona. Lakini ndege haikuwa na nguvu ya kujibeba. Nilisimama kwenye viazi nikajiuliza kama feni inaweza kusema uongo.

Tuliporudi nyumbani kwa mama mkwe tulikaa kunywa chai. Halafu mama mkwe, kwa upole tu, akauliza, "Kwani hii kitu ilishikwa na nani ingine?" Tata Wangari akaangalia kikombe chake akasema, "Watu wa kosti wako na mambo yao. Ati hawasemi, unaona tu vitu zikianguka."

Wajua wanavyotufikiria huku. Ukitoka pwani wanaona umekuja na majini kwenye kikapu. Mama mkwe mwenyewe si mtu wa maneno hayo, ni mtu wa kanisa, amenipenda kadiri alivyoweza. Lakini hakumkanya. Nami nilikuwa nimeshika birika, na mwenye kosa alikuwa ni mimi kweli, ila si kwa njia waliyoifikiria wao.

Ndiritu alisimama. Biblia ya mama yake hukaa pale mezani juu ya kitambaa cha kufuma. Akaweka mkono juu yake akasema, "Mama, naapa mbele yako. Bibi yangu hajagusa hii ndege hata na kidole. Makosa ni ya hesabu yangu, na hiyo ndio mwisho wa hiyo maneno."

Ningeweza kusema pale pale. Mdomo wangu ulifunguka, Baba, nakuapia. Lakini ningesemaje, wakati mkono wake bado uko juu ya kitabu? Nikamwaga chai.

Tangu siku hiyo hajaligusa daftari la bluu. Anasema hewa ya huku ni nyembamba kuliko alivyoihesabu. Nilimuuliza hewa inakuwaje nyembamba, akaniambia ndiyo maana maharagwe yangu hayaivi upesi kama ya Malindi. Nilikuwa nadhani ni kuni. Akasema mahesabu yake ni ya mtu aliyesoma kwa vitabu vya watu wa bondeni, na kwamba asiyeweza kuhesabu hewa iliyo mbele ya pua yake hana haki ya kwenda kufundisha walimu. Ndege ameiweka juu ya kabati. Jumatatu anamwandikia mwalimu mkuu kuondoa jina lake kwenye maonyesho, na mota anaipeleka maabara ya shule. Analisema hilo kwa utulivu, na utulivu wake ndio unaonitisha. Angepiga kelele ningejua la kufanya.

Juzi Alhamisi nilishuka Wang'uru kununua mchele. Kinu ninachonunulia kina mwenyewe, mama mmoja mnene mcheshi, na siku hiyo alikuwa amesimamisha kazi kwa sababu makapi yalikuwa hayatoki nje, yanarudi yanachanganyika na mchele. Alikuwa amelifungua lile sanduku la feni inayopuliza makapi, akawa anamgombeza fundi aliyemwekea feni mpya. Feni yenyewe ilikuwa nzuri. Ilizunguka upesi, haikuguna. Nikasogea nikamwambia yule mama kwamba fundi wangu wa nyumbani angesema feni hii haina ugonjwa.

Akanitazama. Akaniuliza kwetu feni ni za nini, nikamwambia za kupepea watu, zinaning'inia darini. Basi akanishika mkono akaniingiza kidole kwenye nafasi iliyokuwa kati ya ncha ya panga na ukuta wa sanduku. Kidole kizima kiliingia. Akasema, "Hiyo ya kwenu haina nyumba, inapepea tu. Hii iko na nyumba. Upepo ikipata shimo hapa kando, itarudi nyuma kwa hii shimo, haiwezi kusukuma kitu. Panga lazima ikaribie ukuta, karibu iguse."

Baba, nilikaa chini juu ya gunia la watu.

Niliona bomba la Ndiritu. Niliona jinsi alivyokuwa akiingiza kadi ya posta kati ya panga na ukuta, akizungusha, akisugua, akiingiza tena, jioni baada ya jioni, nami nikidhani anacheza. Alikuwa anaipima hiyo nafasi. Mimi nikaja na tupa, nikampasulia nyumba yake pande zote. Feni ikawa inazunguka kasi kwa sababu haikuwa tena na kazi ya kufanya, na mota ikapoa kwa sababu ileile. Ilikuwa inaimba kwa uvivu.

Nimekukasirikia kidogo, nakwambia wazi. Miaka yote ile hukuwahi kunitajia ukuta. Najua, pangaboi halina ukuta, ungenitajia wa nini. Lakini nimekukasirikia hivyo hivyo, kwa sababu kukasirikia mtu aliye mbali ni rahisi kuliko kujikasirikia mwenyewe.

Jana alipokwenda shuleni niliishusha tena. Mapanga siwezi kuyarefusha, wala sina mkono wa kuchonga mengine kama yake. Nikafikiri, basi kama panga ni fupi, ukuta ndio uje. Nilikata ukanda wa plastiki kutoka kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, nikauzungusha ndani ya bomba mahali feni inapokaa, nikaugandisha, nikausugua mpaka kadi ya posta ikapita kwa shida. Kingo zake nikazilaza ili hewa isijikwae. Kisha nikaifunga ndege kwenye mizani yangu ya kuning'iniza, ninayopimia mchele, ambayo Ndiritu aliwahi kuitia alama ya wino pale ndege ilipovuta siku yake nzuri. Nikawasha. Mshale ukapanda mpaka karibu na alama yake. Haukufika, lakini ulikaribia, na mota ilikuwa na joto la haki, si la kuungua.

Kwa hivyo hesabu yake ilikuwa sawa. Hewa nyembamba na yote, alikuwa ameihesabu sawa. Mkono wangu ndio uliokosea.

Na sasa sijui la kufanya. Nikinyamaza, Jumatatu anaandika barua yake, na maisha yake yote ataamini kwamba hajui kuhesabu. Nikimwambia ajaribu tena bila kumwambia sababu, itaruka, atasema ni bahati, na daftari litabaki limefungwa. Nikisema ukweli, nimemfanya mtu aliyeapa uongo juu ya Biblia ya mama yake, na Tata Wangari atakuwa amepata alichokitaka: mwanamke wa kosti, anafungua vitu vya mume kwa siri, vinaanguka. Nitamwambia nani kwamba nilikuwa na tupa tu? Nimegeuza jambo hili kila upande, na kila upande una mtu anayeumia. Kinachoniuma zaidi ni kwamba aliniamini bila kuniuliza. Angeniuliza tu, "Kadzo, uliigusa?" ningesema. Hakuuliza.

Mara tatu nimejaribu kumwambia kwa mdomo. Mara ya kwanza nikamuuliza anataka chai. Mara ya pili nikamuuliza vilevile. Mara ya tatu akaniuliza yeye kama mimi ndiye ninayetaka chai.

Basi nimeamua hivi, na kama ni ujinga utanisamehe. Barua zako ni yeye anayezipeleka posta, na huwa anaongeza mistari yake miwili ya salamu chini ya jina langu. Leo nimemwachia nusu ukurasa. Sitaifunga bahasha. Anajua mwandiko wangu na anajua Kiswahili changu, na hajawahi kutia salamu zake bila kusoma nilichokuandikia. Nitampa mkononi, kisha nitakwenda kusimama nje.

Mpe pole Mama kwa kazi ya kukuuguza. Msalimie Kaka Charo, na mkewe Dama aliyenifundisha kuuza bila kuona haya, mwambie naendelea. Bibi Kabibi, mama yako, mwambie nalikumbuka jina lake kila nikitia nazi ya kopo kwenye wali, maana angenipiga. Shangazi Sidi mwambie sijapata mtoto bado na asiniulize tena kupitia kwa Charo. Wale vijana wawili unaowafundisha kazi, waonye kuhusu kuta.

Ni mimi binti yako uliyenipa tupa,
Kadzo

*

Baba, ni mimi Ndiritu. Salamu nyingi kwa wewe na Mama, na pole kwa goti.

Mimi huandika tu mistari mbili, leo nafasi ni kubwa na sijui nianzie wapi. Nimesoma hii barua nikiwa nimesimama, halafu nikakaa nikasoma tena. Niko na hasira na sijui ni ya nani. Nimetoa ndege kwa kabati nikaangalia ndani ya bomba na tochi. Hiyo kazi ya plastiki ni safi kuliko yangu, hata hiyo inaniongezea hasira kidogo.

Hiyo maneno ya ukuta iko kwa ukurasa wa kwanza wa kitabu yangu ya bluu. Mwaka mzima nimeishi na mtoto wa fundi wa feni, na sikuwahi kumsomea hata ukurasa mmoja. Nilikuwa naona ni mambo ya shule. Pia nimeapa juu ya kitu sikuuliza.

Posta itangoja kidogo. Kwanza tunaenda kwa mama yangu, na Tata Wangari nimemtumia ujumbe akuje. Nitasema niliapa bure. Nilisema bibi yangu hajagusa hii ndege hata na kidole. Basi leo ni yeye ataibeba kwa mikono yake, kutoka hapa mpaka kwa mama, kwa barabara kubwa, watu wote wakiona. Mimi nitabeba mipira ya kuirusha.

Ndiritu